Usinunue Gari la Kuonekana, Nunua Gari la Kufika



Neno letu leo ni Luka 14, mstari wa 28 hadi 30. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, halafu urudi hapa. Ni ile habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla hajaweka jiwe la kwanza anaketi, anapiga hesabu, anaona kama alicho nacho kitamfikisha juu. Asipofanya hivyo, msingi unabaki peke yake na wapita njia wanapata kichekesho.

Neno hili nalileta kwa jambo ambalo limejaa kwenye simu yangu wiki tatu sasa: gari. Wengine mnauliza habari ya gari la misheni la kanisa, ambalo tutaliamua Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Wengine mnauliza kwa ajili yenu wenyewe. Bonasi ya chai imeingia, una kitu kidogo kwenye sacco, na unatafuta gari dogo la 4x4 lililotumika, la bei ya mtu wa kawaida, litakalokufikisha kwa mama yako hata mwezi wa Aprili. Nitawajibu wote pamoja, kwa sababu mnaulizana swali moja: "Pasta, gari gani ni zuri?"

Mpendwa, kabla ya hilo kuna swali lingine. Unakwenda wapi, na nani anakungoja huko?

ANZA NA NJIA

Wewe uliyezaliwa huku lakini sasa unasoma ukiwa Nairobi au ng'ambo, nikukumbushe. Lami inapanda kutoka Murang'a mjini, inafika Kangema, inaendelea kuelekea Kanyenya-ini. Ukiiacha, unaingia kwenye barabara za udongo mwekundu kati ya majani chai, zinazopanda na kushuka hadi ukingo wa msitu wa Aberdare. Wakati wa kiangazi ni vumbi tu. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikianza, na tena zile za Oktoba hadi Desemba, udongo ule unakuwa kama sabuni iliyolowa. Redio yetu ya Kangema RANET ikitangaza mvua kubwa, mtu wa huku hafikirii mwavuli. Anafikiria maporomoko, na anafikiria barabara.

Mei mwaka jana dada yetu mmoja wa seli ya juu alishikwa na uchungu usiku. Mume wake alipiga simu kwa mtu mwenye gari. Gari likaja, dogo la kawaida, likafika kwenye kile kilima cha kituo cha kununulia majani na likakataa. Magurudumu yalizunguka pale pale. Vijana wetu sita wakambeba dada kwa kitanda, mvua ikinyesha, kilomita karibu tatu hadi lami. Mtoto hakungoja lami. Alizaliwa njiani, chini ya turubali, na mama wawili wa kanisa wakishika tochi ya simu. Yuko hai, ni mnene, mlimwona tulipomweka wakfu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kila ninapofikiria gari la misheni, ninafikiria kile kilima. Gari lolote tutakalonunua lazima lipande pale, likiwa na watu ndani, mwezi wa Mei.

Nawe tafuta kilima chako. Kila mtu anayenunua gari la aina hii anacho kimoja. Kiandike kwenye karatasi: kina matope au mawe, unapita mara ngapi kwa mwezi, unabeba watu wangapi. Halafu jiulize kwa ukweli: siku ngapi kwa mwaka unahitaji magurudumu manne? Kama ni siku mbili, labda unahitaji tairi nzuri na subira, na pesa ile nyingine ulipie karo. Hiyo pia ni hekima.

MAGARI YENYEWE

Sasa tuongee wazi. "4x4" iliyobandikwa kwenye mlango haina maana moja. Kuna mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza, je, gari lina gia za ziada za chini, zile zinazoandikwa 4L? Hizo zinalifanya gari litambae polepole likiwa na nguvu nyingi, kupanda kwenye mawe na zaidi sana kushuka. Watu wengi hawajui kwamba magurudumu manne yakivuta hayakusaidii kufunga breki. Kwenye mteremko wa matope, kinachokuokoa ni injini kulishika gari likiwa kwenye gia ya chini kabisa, mguu ukiwa mbali na breki.

La pili, je, mwili wa gari umekaa juu ya chesisi yake, au mwili na chesisi ni kitu kimoja? Lenye chesisi linavumilia kupindwa na mashimo kwa miaka mingi. Lisilo na chesisi huwa laini zaidi barabarani na mara nyingi linakunywa mafuta kidogo.

La tatu, uzito. Gari jepesi halizami haraka kwenye tope, na likizama, vijana wanne wanalitoa. Gari la tani mbili likizama unaita trekta, na trekta inaita pesa.

Kwa maswali hayo matatu, haya ndiyo ninayoyaona kwenye barabara zetu:

Suzuki Jimny. Hili lilianza Japani mwaka 1970 na mpango wake haujabadilika sana: chesisi, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia za 4L. Lile la kizazi cha tatu, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018, ndilo utakaloliona zaidi likiuzwa mkononi. Injini ya cc 1300, uzito wa tani moja na kidogo. Linapanda kama mbuzi. Shida yake ni nafasi: watu wawili wako sawa, wanne wanabanana, na mzigo wa wanne hauna pa kukaa. Liko pia lile la Kijapani la cc 660 lenye turbo. Linapanda vizuri, lakini turbo haisamehi mtu anayechelewesha kubadilisha oili.

Maruti. Sisi tunaliita hivyo tu. Ni Maruti Gypsy, ndugu yake Jimny wa zamani, lililotengenezwa India kuanzia 1985, kwanza na injini ya cc 970, baadaye cc 1300. Ni refu kidogo, kwa hiyo nyuma kunaingia watu na magunia. Springi zake ni za majani mbele na nyuma, na mgongo wako utazijua moja moja. Milango inaingiza upepo na mvua. Lakini halina mambo mengi ya umeme, na fundi wa huku analifungua akiwa anaongea na jirani.

Suzuki Escudo, au Vitara, lililoanza 1988. Vizazi viwili vya kwanza, hadi karibu 2005, vina chesisi, na mengi yana 4L. Lenye milango mitano linabeba watu watano na linatembea vizuri kwenye lami. Kile kizazi cha 2005 kina mwili na chesisi vilivyounganishwa. Baadhi yana 4L na baadhi hayana. Uliza, halafu ingia uangalie mwenyewe. Lile jipya la 2015 halina 4L.

Daihatsu Terios la kwanza, la 1997, na pacha wake Toyota Cami. Ni jembamba, linapita mahali wengine wanakwaruza vioo. Lenye 4x4 huvuta magurudumu yote wakati wote, na lina kitufe cha kufunga difu ya katikati matope yakizidi. Halina 4L. Kwa barabara za chai linatosha watu wengi. Kwa mawe makubwa, halikuumbwa kwa kazi hiyo.

RAV4, X-Trail, Forester. Ni magari mazuri kwa barabara ya murram na safari ndefu, na familia inakaa vizuri. Lakini mengi hayana 4L, na RAV4 na X-Trail ziko zinazovuta magurudumu mawili tu ingawa kwa sura zinafanana na ndugu zao. Usiamini maandishi ya nyuma. Lala chini, angalia kama kuna shafti inayokwenda nyuma.

Neno moja kwa mwenye gari unalolibadilisha mwenyewe kuingia 4x4, kama Jimny na Maruti: usitembee na 4x4 kwenye lami kavu. Gia zinajikaza zenyewe hadi kitu kivunjike. Lakini pia usikae mwaka mzima bila kuigusa. Ile mikono na vikombe vya kushika magurudumu ya mbele vinakauka na kugoma, na utagundua siku uko kwenye tope. Mara moja kwa mwezi, kwenye udongo, iweke, tembea kidogo, itoe. Na wewe Mkristo unayekumbuka maombi ukiwa kwenye tope tu, umenisikia. Sema Amina.

MUNGU ANAANGALIA NDANI, NAWE ANGALIA CHINI

Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese, macho yake yalimwendea kijana mrefu mwenye sura nzuri. Mungu akamwambia kwamba yeye hapimi kwa sura. Soma 1 Samweli 16:7. Sasa wewe ukienda yadi ya Ngong Road au ya Mombasa, utakuta Eliabu wengi wamesimama pale wakimeta. Rangi mpya, viti vimeoshwa, tairi zimepakwa mafuta meusi. Endelea kutafuta Daudi.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Gari likiwashwa baridi linasema ukweli. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake linakula oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto maana yake huenda maji yanaingia mahali pasipofaa. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji kama maziwa, gasketi ya juu ya injini ina habari mbaya.

Chukua bisibisi, uingie chini, ugonge chesisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinanyamaza. Magari kutoka pande za theluji za Japani hutembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani, na yale ya Pwani yetu hupata hewa ya bahari. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari la zamani ni ya kutiliwa shaka.

Jimny na Maruti, liendeshe hadi mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa. Usukani ukianza kutikisika wenyewe kwa nguvu, mara nyingi ni beringi za pale magurudumu ya mbele yanapogeukia zimeisha. Inatengenezeka, lakini punguza bei kabla ya kulipa. Halafu tafuta udongo, uingize 4x4, kisha 4L, usikilize. Fungua oili ya difu: ikiwa ya maziwa, gari hilo limeogelea mtoni na mwenyewe hakusema.

Angalia tairi zote nne. Kwa gari linalovuta magurudumu yote wakati wote, tairi za saizi tofauti, au mbili mpya na mbili zilizokwisha, zinaua difu ya katikati taratibu.

Na ile mita ya kilomita. Mithali 11:1 inaongea juu ya mizani ya udanganyifu na jinsi Bwana anavyoichukia. Mita iliyorudishwa nyuma ni mizani hiyo hiyo, imewekewa kioo. Mwezi uliopita dalali mmoja alituonyesha gari la kilomita 68,000. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa imeisha hadi chuma, usukani umelainika kama jiwe la mtoni. Dikoni wetu aliyewahi kuendesha matatu miaka mingi akaniambia, "Pasta, hili limeona zaidi ya hapo." Tukaaga kwa heshima, tukaondoka. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba cheti cha kusafirishwa nje; huandikwa pia kilomita.

Lakini nisiwashike madalali peke yao. Mithali 20:14 inamcheka mnunuzi anayekibeza kitu wakati wa kununua, halafu akifika nyumbani anajisifu kwa bei aliyoipata. Mtu aliyeokoka haongopi hata akiwa ndiye anayenunua. Sema kasoro ulizoziona kwa fundi wako, taja bei unayoweza, nyamaza.

MAKARATASI

Usimpe mtu pesa kabla ya kutafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenye gari liwe la huyo anayekuuzia, au awe na ruhusa ya maandishi. Ukikuta jina la benki au sacco pamoja na lake, gari hilo bado lina deni, na deni linafuata gari. Namba ya chesisi kwenye chuma ilingane na ya kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Lipa kwa njia inayoacha alama, na uhamisho wa umiliki ufanyike kabla hamjaagana.

Anayefikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japani akumbuke kwamba Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo yale Jimny na Escudo ya zamani utayapata tu hapa nchini, kwa mtu aliyeyatumia. Na ushuru wa bidhaa hubadilika ukivuka cc 1500: gari lenye injini ndogo hukatwa kidogo zaidi. Piga hesabu na wakala wa forodha kabla hujashangilia bei ya mtandaoni. Bei ile ni ya gari likiwa bado ng'ambo.

MNARA WENYEWE

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu ana shilingi laki saba. Ananunua gari la laki saba. Wiki ya pili tairi zinahitajika, bima inahitajika, springi imekatika, na gari linakaa chini ya mparachichi likisubiri muujiza. Kuku wanataga ndani. Huo ndio msingi bila mnara ambao Bwana alikuwa anausema.

Ushauri wangu: kila shilingi kumi ulizo nazo, saba zinunue gari na tatu zibaki. Hizo tatu zitalipa uhamisho, bima, tairi nne zenye meno ya udongo, oili zote, beringi na breki. Gari la laki tano lenye tairi nzuri na fundi mwaminifu linafika mbali kuliko la laki saba lisilo na kitu. Na kabla ya kununua, muulize fundi wa Kangema, wa Murang'a, wa Karatina: spea za gari hili zinapatikana hapa, au ni mpaka Kirinyaga Road Nairobi, au ni mpaka Japani? Spea isiyopatikana haina bei rahisi.

KASKAZINI

Mnajua kila Agosti tunapeleka unga, nguo na Biblia kwa kanisa dogo upande wa Laisamis. Barabara kubwa ya Isiolo hadi Moyale sasa ni lami, karibu kilomita 500, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ndugu zetu hawaishi kwenye lami. Ukikata kushoto kuelekea Loiyangalani ni changarawe, mawe meusi ya volkano na mchanga wa lugga, zaidi ya kilomita 200.

Huko sheria zinabadilika. Tairi za akiba mbili. Maji lita 20 ambayo hayaguswi. Mafuta ya ziada, kwa sababu tangi la Jimny ni lita 40 tu na stesheni ziko mbali. Koleo, kamba ya kuvutia, pampu, na ubao wa kuweka chini ya jeki, maana jeki inazama kwenye mchanga. Ukifika kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi ili zitandike, ukitoka ujaze tena. Lugga ikiwa na maji, ngoja. Mvua imenyesha mahali usipopaona. Twendeni magari mawili, na mtu mmoja nyumbani ajue tutafika lini na ampigie nani tusipofika. Kumwamini Mungu hakuondoi hiyo simu.

JUU YA HESHIMA YA MCHUNGAJI

Sasa jambo ambalo wengine mmelisema kwa sauti ya chini, nami nitalisema kwa sauti ya juu. Kuna ndugu wanaonipenda wanaosema tungojee mwaka mwingine, tukope, tununue Prado, kwa sababu mchungaji wa kanisa lenye watu kama hili hawezi kushuka kutoka Suzuki ya zamani mbele ya wachungaji wengine. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Pasta, heshima yako ni heshima yetu."

Mzee wangu, nimekusikia, na ninakushukuru kwa upendo. Lakini nisikilize na mimi.

Mfalme wetu alipoingia Yerusalemu alipanda mwana-punda, na hata huyo aliazimwa. Zakaria alikuwa ameshalisema miaka mingi kabla. Naye Musa, katika Kumbukumbu la Torati 17:16, aliwakataza wafalme wa Israeli kujirundikia farasi. Mungu hakuwa na ugomvi na farasi. Alijua moyo wa mtu unavyohamia zizini.

Na pesa hizi ni za nani? Niliketi na mhazini tukapitia kile kitabu. Kuna mama ameandikwa shilingi 200, mwezi baada ya mwezi. Mama huyo anachuma chai. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anabeba kikapu mgongoni kwenye ule ule udongo wa sabuni, na analipwa kwa kilo. Siwezi kuchukua majani yake nikayageuza kuwa kioo cheusi cha Prado. Prado inapanda kile kilima, sikatai. Lakini tukikopa, deni litapanda nayo, na siku springi ikikatika tutakuwa tunalipa benki badala ya fundi. Gari litakaa, na dada mwingine atabebwa kwa kitanda.

Hofu yangu mimi ni tofauti na yenu. Siogopi kuonekana mdogo mkutanoni Nyeri. Naogopa simu ya saa nane usiku, mwezi wa Mei, halafu nimwambie mtu kwamba gari tunalo lakini haliwezi kuja.

Kwa hiyo Jumapili nitaleta pendekezo la kamati: Escudo ya milango mitano, gia za mkono, yenye 4L, chesisi nzima, kwa bei isiyozidi sehemu saba kati ya kumi za tulicho nacho. Kama hatutapata safi, basi Maruti, na migongo yetu tutaikabidhi kwa Bwana. Kabla ya kulipa litapelekwa kwenye kile kilima, na vijana wale wale sita wataingia ndani. Likipanda, tutaongea. Lisipopanda, tutaendelea kutafuta. Mwenye wazo bora aje nalo. Kamati ina masikio.

Nawe unayenunua lako binafsi, sikiliza kama mtoto wangu. Usikubali macho ya watu wa stejini yakuchagulie gari. Watakuangalia dakika mbili, na wewe utalilipia miaka mitano. Kumbuka mama aliye juu ya tuta, anayesikiliza mlio wa injini jioni, akijiuliza kama leo utafika. Yeye hataangalia nembo. Atasikia tu kwamba gari limezima nje ya mlango wake.

Tuombe.

Baba, wape watoto wako macho ya kuona chini ya rangi. Wape ulimi wa kweli wanaponunua na wanapouza. Walinde madereva wetu kwenye matuta na kwenye lami, wa matatu na wa bodaboda. Wakumbuke walio mwisho wa barabara, wagonjwa, wajawazito, wazee wetu ambao mvua imewafungia. Utupe njia ya kuwafikia, na ututunzie moyo tukishapata. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una mtu anayetaka kununua gari mwezi huu, mtumie ujumbe huu kabla hajalipa. Kama kuna mgonjwa au mzee kwenye seli yenu ambaye hatujamfikia tangu mvua zianze, andika jina la seli hapa chini, si jina la mtu, nasi tutakupigia. Jumapili, ibada ya pili, saa tano. Msikose.

Mchungaji wenu, Kangema.